Lehemu

Amplifaya ya kwanza waliyoniletea ilinuka bia na mvua.
Mwaka wa themanini na nne. Heddwyn aliipandisha Barabara Kuu ya Bethesda
katika kigari cha mtoto, na mtoto mwenyewe nyuma, kwa miguu,
analia kama aliyedhulumiwa, na kweli alidhulumiwa.
"Inakoroma," akasema, "kisha inazimia."
Nikaifungua: buibui, transfoma iliyobabuka,
karatasi ya peremende mahali pa fyuzi.
Nikamwambia, hii haijafa. Imesusa.

Nilikuwa nimetoka Korogwe kuja Bangor kusomea umeme,
mwaka mmoja, walisema. Mwaka huo bado haujaisha.

Mlima wao umekatwa ngazi ngazi.
Waliuchonga wakaezeka nusu ya dunia,
na chumba cha nyuma cha kanisa, walikofanyia mazoezi,
kikawa kinavuja juu ya ngoma.
Tone, ngoma. Tone, ngoma.
Mpigaji aliacha kugombana nalo, akalifuata.

Mzee Tudwal, shemasi, alikuja kuwafukuza mara tatu.
Mara ya nne akavuta kiti, akasikiliza, kofia magotini,
akasema: "Besi inachelewa kuingia."
Na ilikuwa inachelewa.

Mererid ndiye aliyetunga. Nilimkuta akihesabu kwa vidole
maneno ya Kiwelisi, silabi saba, saba tena,
konsonanti zikiitana kama majirani juu ya ua.
Nikamwonyesha vidole vyangu: kwetu nane kwa nane,
kina cha kati, kina cha mwisho.
"Kumbe na nyie mmefungwa," akacheka.
Tumefungwa, nikasema. Tena kwa hiari.

Akaja mtu kutoka London, viatu vyeupe katika tope lile.
Aliwapenda. Alitaka jambo moja dogo tu: waimbe Kiingereza.
"Bibi yangu hataelewa," Mererid akasema.
"Bibi yako hanunui rekodi."
"Amenunua kumi na moja."
Mpiga gitaa aliondoka naye kulipokucha. Simlaumu,
njaa haina lugha. Alirudi baada ya miaka sita
na koti la ngozi, na kikohozi,
na gitaa lenye nyufa nilizozijaza gundi bila kuuliza.

Kisha kanda zikaja kwa maboksi, zikapita.
Kisha hema katika shamba la kondoo, watu elfu mbili,
na wapo walioimba kila neno
ilhali nyumbani kwao hawakulisema hata moja.
Kisha televisheni. Kisha kimya cha miaka kadhaa
ambapo nilitengeneza majokofu.

Siku hizi watoto huja na kompyuta begani.
Wanachanganya: mstari wa Kiwelisi, nusu mstari wa Kiingereza,
mdundo waliouokota sijui wapi.
Mererid, nywele zimeshika rangi ya mlima,
hukaa mlangoni akiwagonga mihuri mikononi, amenuna.
"Silabi hawahesabu," ananiambia.
Hakosi hata usiku mmoja.

Binti yangu Sikudhani anapiga besi. Anaota kwa Kiwelisi,
najua, maana husema usingizini nami huambulia nusu.
Mwezi uliopita bendi yao ilikuwa haina jina.
Wakaja kulipaka rangi kwenye ngoma kubwa, herufi zimepinda:
IMESUSA.
Wote wanalitamka sawasawa, hata yule wa Llanberis,
irabu zao zimenyooka kama zetu.

Nilisimama nyuma, karibu na sanduku la fyuzi,
ninaposimama siku zote. Paa lilikuwa likivuja mahali pengine.
Fimbo zikagongana mara nne.
Besi ikachelewa kuingia.
Kidogo tu. Sikusema kitu.